Likizo ya Mwaka kwa Mfanyakazi Mpya wa Kiwandani Tanzania Bara: Mwongozo Kamili Kuanzia Siku ya Kuajiriwa

Swali la likizo huulizwa kiwandani kwa kuchelewa. Mtu huanza kazi, huzoea mashine na zamu za usiku, na ni pale anapotaka kwenda kijijini, au anapokabidhiwa barua ya kuachishwa kazi, ndipo anapouliza alikuwa na haki ya siku ngapi. Na kufikia wakati huo huenda tarehe zilizokuwa zikimlinda zimekwisha kumpita. Nimesoma mikataba na fomu za likizo za wafanyakazi wenzangu kwa muda mrefu, na nimeona kwamba aliyepoteza likizo yake mara chache huwa ameipoteza kwa sababu sheria ilikuwa dhaifu. Mara nyingi huwa hakujua tarehe mbili tu, ile ambayo mwaka wake wa likizo ulianza na ile ambayo likizo ilipaswa iwe imekwisha kuchukuliwa, au alizijua lakini hakuwa na karatasi ya kuzithibitisha.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366, ambayo inatumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, kwa hiyo anayefanya kazi kiwandani Unguja au Pemba asitumie hesabu za hapa. Vivyo hivyo, msomaji aliyewahi kusikia kuhusu siku 21 za kazi baada ya miezi 12 ajue kwamba hiyo ni Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, na siku zake huhesabiwa kwa namna nyingine. Namba za vifungu ninazozitaja ni za toleo la sheria lililorekebishwa mwaka 2019.

Hatua ya kwanza: thibitisha tarehe ya kuanza kazi na jina la mwajiri

Hesabu yote ya likizo inaanzia siku uliyoanza kazi, wala haianzii siku uliyosaini mkataba wa kudumu au uliyomaliza kipindi cha majaribio. Kosa hili ni la kawaida sana. Mfanyakazi huingia mwezi wa Aprili kwa majaribio ya miezi mitatu au sita, kisha anapopewa barua ya kuthibitishwa kazini, afisa utumishi anaandika tarehe ya barua hiyo kama mwanzo wa ajira, na miezi ya awali inatoweka kwenye kumbukumbu. Majaribio ni sehemu ya ajira, na miezi yake inaingia katika hesabu ya likizo.

Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake anapoanza kazi, ambayo ni pamoja na tarehe ya kuanza, aina ya mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Omba nakala yako na uitunze nyumbani. Kama hukupewa, usikate tamaa, kwa kuwa kifungu hicho hicho kinasema kwamba mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba au maelezo hayo katika shauri, jukumu la kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa linakuwa lake. Hata hivyo, ni busara ujiwekee ushahidi wako mwenyewe, kama vile kitambulisho cha kazi chenye tarehe, hati ya malipo ya mwezi wa kwanza, taarifa ya michango yako ya NSSF, na ujumbe wa simu ulioitwa nao kazini.

Jina la mwajiri nalo linahitaji uangalifu. Viwanda vingi hutumia wakala wa kuleta wafanyakazi, na anayefanya kazi kwenye mstari wa uzalishaji anaweza kudhani ameajiriwa na kiwanda kumbe hati yake ya malipo ina jina la kampuni nyingine. Soma jina lililoko kwenye mkataba, kwenye hati ya malipo na kwenye michango ya hifadhi ya jamii. Yakitofautiana, uliza mapema, tena kwa maandishi. Na aliyeambiwa kwamba yeye ni kibarua tu na hivyo hana mwajiri, asome kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kinachomchukulia mtu kuwa mfanyakazi pale ambapo, kwa mfano, saa zake za kazi zinasimamiwa na mwingine, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au anapewa na mtu huyo vifaa vya kazi. Jina la kibarua peke yake halimtoi mtu kwenye sheria.

Hatua ya pili: pima kama umefikisha miezi sita

Kifungu cha 29 kinaweka mlango wa kuingilia. Mfanyakazi ambaye utumishi wake haujafika miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sehemu hiyo ya sheria, isipokuwa kama mkataba wake mwenyewe unampa zaidi. Anayeacha kazi mwezi wa nne, kwa hiyo, hawezi kudai malipo ya likizo kwa kutegemea sheria pekee. Ni vizuri alijue hilo kabla ya kugharamia safari za kwenda kulalamika.

Lakini mlango huo una tundu mbili zilizowekwa kwa makusudi, na zote zinawahusu sana watu wa viwandani.

Ya kwanza ni ya wafanyakazi wa msimu. Kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga au Simiyu, na kile cha kubangua korosho Mtwara au Lindi, huajiri watu wengi wakati wa mavuno na kuwaachia kazi inapokwisha. Sheria inasema mfanyakazi wa msimu ana haki ya likizo yenye malipo hata kama msimu haukufika miezi sita, na kwamba kila msimu unapokwisha, mwajiri amlipe sehemu ya likizo inayolingana na siku alizofanya kazi.

Ya pili ni ya wale wanaoajiriwa kwa vipande vipande. Mtu anapewa mkataba wa miezi mitatu, anakaa nje wiki mbili, anarudishwa kwa mkataba mwingine wa miezi mitatu, halafu mwingine tena, na kila anapouliza likizo anaambiwa kwamba mkataba wake wa sasa haujafika miezi sita. Jibu hilo halitoshi. Aliyemfanyia kazi mwajiri mmoja zaidi ya mara moja katika mwaka ana haki ya likizo ikiwa jumla ya vipindi vyote inazidi miezi sita katika mwaka huo. Neno la kushika hapo ni jumla. Ndiyo sababu nawasihi wenye mikataba mifupi wasitupe ule uliokwisha wanapopata mpya, kwa maana ni kwa kuipanga mezani yote, mmoja baada ya mwingine, ndipo jumla hiyo inapoonekana.

Hatua ya tatu: chora mzunguko wako wa likizo

Mzunguko wa likizo ya mwaka ni miezi 12 mfululizo ya ajira kwa mwajiri mmoja, kuanzia siku ya kuanza kazi au siku uliomalizika mzunguko uliotangulia. Si lazima ufanane na mwaka wa kalenda. Mwajiri anaweza kuweka mzunguko wa pamoja kwa wafanyakazi wote, kwa mfano Januari hadi Desemba, lakini anahitaji ridhaa ya mfanyakazi, na haki ya likizo isipungue kwa sababu ya mpangilio huo.

Sasa chukua daftari. Tuseme umeanza kazi tarehe 1 Aprili 2025. Mzunguko wako wa kwanza unakwisha tarehe 31 Machi 2026. Kifungu cha 31 kinampa mwajiri uwezo wa kupanga lini uende likizo, jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalipendi lakini ndivyo sheria ilivyo, ila kinambana kwa muda: likizo ichukuliwe si zaidi ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha, maana yake kabla ya Septemba 2026 kumalizika. Muda huo unaweza kusogezwa hadi miezi 12, yaani mwisho wa Machi 2027, endapo masharti mawili yametimia kwa pamoja: wewe umekubali, na mahitaji ya uendeshaji wa kiwanda yanahalalisha kuchelewa huko. Oda kubwa ya wateja inaweza kuwa sababu ya kweli. Uzembe wa kupanga ratiba hauwezi.

Andika tarehe hizo tatu mahali utakapoziona. Umuhimu wake uko katika kifungu kidogo cha 10, kinachosema kwamba mfanyakazi hastahili malipo ya likizo iliyolimbikizwa ikiwa hakuichukua katika muda na mazingira yaliyowekwa. Huko ndiko likizo inakofia. Mtu anakaa miaka minne bila kupumzika akiamini kwamba siku zake zinajikusanya kama akiba ya kikundi, kisha anapoondoka anaambiwa alipwe za mzunguko wa mwisho tu.

Hatua ya nne: hesabu siku 28 kama sheria inavyozihesabu

Kila mzunguko unakupa angalau siku 28 mfululizo. Mkataba wako, au mkataba wa hali bora uliofikiwa kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, unaweza kukupa zaidi, lakini hauwezi kukupa pungufu. Siku hizo ni za kalenda. Jumapili, siku zako za mapumziko na sikukuu za kitaifa zikiangukia ndani ya likizo zinahesabiwa humo humo. Ukianza likizo Jumatatu tarehe 3 Agosti 2026, siku ya 28 ni Jumapili tarehe 30 Agosti, unaripoti kazini Jumatatu tarehe 31, na Nanenane iliyopita katikati haikuongezei siku.

Siku zinazoweza kupunguzwa ni za aina moja tu, yaani zile ulizoomba ruhusa mwenyewe ndani ya mzunguko na ukalipwa. Ruhusa isiyolipwa haipunguzi chochote. Siku ulizougua hazipunguzi, kwa kuwa likizo ya ugonjwa ina hesabu yake ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukulazimisha wala kukuruhusu utumie likizo ya mwaka badala yake. Ndivyo ilivyo pia kwa likizo ya uzazi, na kwa siku za kufiwa na mzazi, mwenzi, mtoto au ndugu zinazotolewa na kifungu cha 34. Msimamizi wa zamu akikuambia kwamba siku nne ulizozika mama yako zimekatwa kwenye likizo ya mwaka, mwombe kwa adabu akuonyeshe kifungu kinachoruhusu hivyo.

Mara nyingi kiwanda hufungwa kwa wiki mbili au tatu mwisho wa mwaka kwa ajili ya matengenezo, na wafanyakazi wote wakaambiwa kwamba huo ndio muda wao wa likizo. Mwajiri ana uwezo wa kupanga wakati, kwa hiyo jambo hilo si kosa kwa lenyewe, lakini dai lako linabaki kuwa siku 28, na zile ambazo kufungwa kwa kiwanda hakukuzifikia bado ni zako.

Hatua ya tano: omba kwa maandishi, hata kama utaratibu ni wa mdomo

Hata pale ambapo ratiba hubandikwa ukutani na msimamizi, peleka ombi lako mwenyewe miezi miwili au mitatu kabla. Maneno yanaweza kuwa mafupi: «Nilianza kazi tarehe 1 Aprili 2025 na mzunguko wangu wa kwanza wa likizo uliisha tarehe 31 Machi 2026. Naomba likizo yangu ya mwaka ya siku 28 kuanzia tarehe 3 Agosti 2026. Iwapo tarehe hizo hazitafaa kwa ratiba ya uzalishaji, naomba nipangiwe tarehe nyingine kabla ya tarehe 30 Septemba 2026.» Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi au isainiwe na aliyeipokea, na hiyo ubaki nayo. Kama hakuna anayekubali kusaini, tuma picha ya barua hiyo kwa simu kwa afisa utumishi na usiufute ujumbe.

Sentensi ya mwisho ya barua hiyo ndiyo inayobeba uzito. Inaonyesha kwamba unautambua uwezo wa mwajiri wa kupanga, na wakati huo huo inaandika kwamba uliitaka likizo ndani ya muda, ili kesho mtu asidai kwamba uliiacha ife kwa hiari yako.

Hatua ya sita: hakikisha malipo yanatangulia

Malipo ya likizo hulipwa kabla likizo haijaanza, na hukokotolewa kwa mshahara wa msingi. Mshahara wa msingi ni ule wa saa za kawaida za kazi, na haujumuishi posho, saa za ziada, nyongeza ya kazi ya usiku wala ile ya Jumapili na sikukuu. Aliyezoea kuchukua fedha nyingi kwa sababu ya saa za ziada ajiandae kuona kiasi kidogo zaidi, na hapo hajadhulumiwa. Nauli ya likizo ni suala la kuangalia katika amri ya mishahara ya sekta yako na katika mkataba wa hali bora.

Anayelipwa kwa kilo au kwa kipande, kama mbanguaji wa korosho au mshonaji wa nguo, naye ana mshahara wa msingi. Kifungu cha 26 kinamhesabu kama anayelipwa kwa wiki, na mshahara wake wa wiki hupatikana kwa wastani wa alichopata katika wiki 13 zilizotangulia, au katika muda wote aliofanya kazi kama haujafika wiki 13. Daftari lako la mizani lina thamani ya fedha kwa sababu hiyo.

Hatua ya saba: ukiombwa kufanya kazi wakati wa likizo

Kanuni ni kwamba mwajiri asikutake wala asikuruhusu kufanya kazi wakati wa likizo. Ipo nafasi moja: kwa ridhaa yako, unaweza kufanya kazi katika kipindi hicho na ukalipwa mshahara wa mwezi mmoja badala ya likizo, mbali na ujira wa kazi uliyoifanya, mradi usipitishe miaka miwili mfululizo bila kupumzika. Wafanyakazi huita hali hii kuuza likizo, na ninaelewa kwa nini mwenye ada za shule za kulipa huikubali. Lakini ridhaa inayotolewa mbele ya msimamizi mwenye hasira, bila karatasi, ni vigumu kuitetea au kuikanusha baadaye. Kama unakubali, andika umekubali nini, kwa kipindi gani, na utalipwa kiasi gani. Mwili uliosimama mbele ya mashine mwaka mzima unahitaji mapumziko, na ajali za mikono hutokea zaidi kwa waliochoka.

Hatua ya nane: kokotoa stahiki yako unapoondoka

Ajira inapokoma, iwe umeacha mwenyewe, umeachishwa au mkataba umekwisha, kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri alipe, pamoja na stahiki nyingine, likizo ya mzunguko uliokamilika ambayo hukuichukua na sehemu ya mzunguko ambao haujakamilika. Kiwango ni mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi au ulizostahili kufanya kazi.

Nachukua mshahara wa msingi wa shilingi 260,000 kwa mwezi, kwa wiki ya siku sita, kwa sababu tu unagawika vizuri. Kupata mshahara wa siku, jedwali la kwanza la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 na kisha kwa siku za kazi za wiki: 4.333 mara 6 ni takriban 26, na 260,000 kwa 26 ni shilingi 10,000. Mfanyakazi huyu ameondoka baada ya miezi saba, akiwa na siku za kazi 182. Gawa kwa 13, unapata siku 14, na malipo ya likizo ni shilingi 140,000. Angalia pia kwamba angemaliza mwaka mzima wenye siku za kazi 312 angepata siku 24, ambazo ndizo siku za kazi zilizomo ndani ya wiki nne za likizo. Kwa hiyo hesabu hizi mbili hazigongani, ingawa moja hutaja 28 na nyingine 24.

Taarifa ya kuachishwa kazi haiwezi kutolewa ukiwa likizo, wala siku za taarifa kwenda sambamba na siku za likizo. Ukiambiwa «malizia likizo yako, ndiyo taarifa yako», hapo vimechanganywa vitu viwili ambavyo sheria inavitenganisha. Na kabla ya kusaini karatasi ya malipo ya mwisho, tafuta mstari wa likizo. Kama haupo au umekosewa, andika kwa mkono wako kwamba umepokea fedha lakini hukubaliani na hesabu ya likizo, kisha usaini na upige picha.

Hatua ya tisa: ukinyimwa

Anza kwa afisa utumishi, kwa maandishi, ukimpa siku kadhaa za kujibu. Kama kiwanda kina tawi la chama cha wafanyakazi, ambalo katika viwanda vingi huwa ni la TUICO (chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara), mwone mwakilishi wa tawi. Mara nyingi suala humalizikia hapo. Ofisi ya kazi ya eneo lako nayo ina afisa kazi mwenye mamlaka ya kuingia kiwandani, kukagua kumbukumbu na kumwamuru mwajiri atimize sheria.

Vikishindikana hivyo, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayofahamika kama CMA, ambayo ina ofisi mikoani. Utajaza fomu namba 1, utampatia mwajiri nakala yake na kuchukua uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo uiwasilishe Tume. Shauri huanza kwa usuluhishi, ambao hupewa siku 30, na usipofanikiwa huendelea kwenye uamuzi. Mgogoro wa likizo unapaswa kufikishwa Tume ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Lakini kama unapinga pia uhalali wa kuachishwa kazi, muda kwa dai hilo ni siku 30 tu, kwa hiyo mwenye madai yote mawili afuate ule mfupi. Aliyechelewa bado anaweza kuomba kuongezewa muda, ila atatakiwa kueleza sababu ya kila siku aliyochelewa, na kipindi alichotumia kuzungushwa ofisini kwa ahadi za mdomo hakihesabiki kirahisi kuwa sababu, jambo linaloirudisha mezani ile nakala ya barua yenye muhuri wa mapokezi.